Kitanda Wasichokilalia

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali gani ipite uhai wa mja? Basi nisidhaniwe adui wa kompyuta hospitalini. Madaftari ya MTUHA, yale ya taarifa za huduma za afya, yamewachosha wauguzi miaka mingi, na mfumo wa kompyuta wa GoTHOMIS ulipoingia katika hospitali za serikali hapa Tanzania tulifurahi: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwenyeji amepona? Nilipomuuguza mama yangu, katika hospitali nisiyoitaja, nilishuhudia zamu zikikabidhiana asubuhi. Kompyuta inawaka, na muuguzi msimamizi wa wodi kaipa mgongo. Mkononi ana kaunta buku alilolipigia mistari kwa rula, na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Anauliza kwa mdomo: dripu ya nani imeisha? Kitanda cha tisa kapata dawa ya alfajiri?

"Sista," nikamwambia, "si yote yamo humo?"

Akacheka. "Mzee wangu, humo zimo bei. Inajua sindano ni shilingi ngapi. Kama mgonjwa kachomwa, hilo naliuliza mwenyewe."

Hapo ndipo penye donda. Mifumo yetu mingi imeanzia dirishani kwa keshia na kwenye madai ya bima. Sawa, hospitali haiendeshwi kwa dua. Lakini muuguzi kiongozi ana maswali yake: wodi ipi imeelemewa apeleke mtu, vidonda vya mgongo vinaongezeka wapi, nani kaanguka usiku. Florence Nightingale, aliyewauguza wanajeshi kule Scutari katika vita vya Crimea, aliwaonyesha wakubwa wa Uingereza kwa takwimu kwamba maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha. Hesabu ilikuwa silaha ya muuguzi. Nani kampa keshia peke yake?

Enyi vijana wetu wa programu, hodari msio na mfano, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kesheni wodini japo usiku mmoja. Nanyi wakubwa, mnamwagiza muuguzi aandike kwenye kompyuta, kisha aandike yaleyale daftarini, halafu mnashangaa mgonjwa kuita bila kuitikiwa! Ana mikono mingapi?

Na kwa kuwa nimeshafika wodini, siwezi kuwanyamazia ndugu wa wagonjwa na simu zao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini haya haikuhitaji kungoja Bunge. Asubuhi ileile kijana mmoja alisimama kumpiga picha babu yake, shuka limeteleza, mzee yu wazi hadi mapajani, ili kundi la ukoo "lione hali". Kati yetu sote tuliokuwapo, hakuna aliyemkemea. Sista ndiye aliyeweka kaunta buku chini, akamfunika babu, akamtazama kijana mpaka simu ikarudi mfukoni, kisha akaokota kalamu nyekundu na kuendelea na kitanda cha kumi.