Hedifoni ya milioni tatu na pangaboi la chumbani kwangu

Wadau, samahani kwa ukimya. Kwa wiki mbili nimejifungia chumbani kwangu hapa Sinza kama mtu anayekimbia madeni, na sababu yenyewe ni hedifoni. Ndiyo, hedifoni. Msinicheke kwanza.

Rafiki yangu mmoja anayerekodi muziki alisafiri akaniachia Audeze LCD-X yake nimtunzie. Alinipa masharti matatu: usiishike na mikono yenye mafuta, usimwazime mtu, usiulize bei. Hilo la tatu nililivunja usiku uleule. Marekani inauzwa kama dola 1,200. Piga hesabu mwenyewe: ni shilingi milioni tatu na ushee, kabla hujalipia usafiri na ushuru. Kodi yangu ya mwaka mzima haifiki hapo.

Sasa msidhani nauliza kwa udaku tu. Mimi huhariri vipindi vya redio, na kwa miezi kumi nimekuwa nikidunduliza ili ninunue hedifoni ya maana. Nilikuwa nimefikisha laki nane. Kwa hiyo swali langu lilikuwa la mfukoni: niendelee kujinyima hadi nifikishe milioni tatu, au nitakuwa nimechanganyikiwa?

Kwanza tuelewane ni kitu gani hiki. Hedifoni nyingi tulizozoea zina koni ndogo, na nyuma yake imegundishwa koili ya waya. Umeme unaobeba muziki ukipita kwenye koili, sumaku inaivuta na kuisukuma, na koni nzima inafuata. Hii ya kwangu (ya kuazima, jamani) ni ya aina iitwayo planari. Haina koni. Ina utando mwembamba mno, mwembamba kuliko unywele, uliochorwa njia za metali na kuwambwa mbele ya safu za sumaku. Umeme unapita karibu eneo lote la utando, hivyo utando unasukumwa wote kwa pamoja badala ya kusukumwa sehemu moja. Kwenye LCD-X utando huo una upana wa milimita 106.

Wazo lenyewe si geni. Yamaha walikuwa na hedifoni ya namna hii, HP-1, mwaka 1976. Baadaye zikaja sumaku za neodimiamu, ndogo kwa umbo lakini zina nguvu, na kina Audeze, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 2008, wakaifufua kazi hiyo. LCD-X ilitoka mwaka 2013 na kurekebishwa mwaka 2021. Mwaka 2023 Sony wakatangaza kuinunua kampuni yenyewe.

Jambo la pili ni kwamba ina mgongo wazi. Upande wa nje, pale ambapo hedifoni nyingine zina kifuniko, hii ina wavu. Hewa inapita, sauti haigongi ukuta na kurudi sikioni, na unapata hisia kwamba muziki uko chumbani, haujabanwa katikati ya fuvu. Ubaya wake nitaufikia.

Je, inaimba? Inaimba, ndugu zangu, tena sana. Nilianza na Remmy Ongala, ile albamu ya Songs for the Poor Man aliyotoa mwaka 1989 na Orchestra Super Matimila kupitia Real World ya Uingereza. Nimeisikia albamu hiyo tangu nikiwa mtoto. Kwenye spika za nyumbani besi ilikuwa inajaa kama gunia na kufunika kila kitu. Kwenye LCD-X noti ya besi inaanza, inasimama, inaisha, na gitaa la ridhimu linaendelea na shughuli zake pembeni bila kugombana na mtu. Nikahamia Sikinde, zile rekodi za Redio Tanzania. Huko nikakutana na ukweli mwingine: nakala nilizonazo ni mbovu. Ni emupithrii zilizonakiliwa mara nyingi hadi zimechoka, na LCD-X haikunionea huruma. Kila mkwaruzo niliuona kama madoa kwenye shuka jeupe.

Kasoro zake nazo zipo. Sauti za waimbaji, hasa wanawake, nilizisikia zimerudi nyuma hatua moja, kana kwamba mwimbaji kaachia kipaza sauti kidogo. Wapimaji wengi wameisema tabia hiyo hata baada ya marekebisho ya 2021, na mtu wa redio, ambaye mtaji wake ni sauti ya binadamu, hawezi kulipuuza. Uzito ni gramu 612. Ukishavaa saa moja, shingo inauliza maswali. Sifa moja nitaitoa: ukinzani wake ni omu 20 tu, hivyo laputopu yangu iliiendesha vizuri. Kuna planari nyingine, mfano Susvara ya HIFIMAN, ambazo bila amplifaya kubwa hazisemi kitu.

Haya, sasa ule ubaya. Mgongo ukiwa wazi, sauti yako inatoka nje na sauti ya dunia inaingia ndani. Na dunia ya Sinza mnaijua. Bodaboda. Baa ya jirani. Muuza kahawa anagonganisha vikombe. Lakini adui yangu mkubwa alikuwa dari langu mwenyewe. Nikiwasha pangaboi, nasikia Remmy pamoja na pangaboi. Nikilizima, mito ya ngozi inanata masikioni na jasho linashuka hadi shingoni, na hedifoni ya watu ndiyo hiyo niliyokatazwa kuichafua. Usiku wa tatu nilijikuta nimekaa kifua wazi gizani nikisikiliza taarabu kwa vipande vya dakika kumi kumi, natoka kupunga upepo barazani, narudi.

Ningeishia hapo, makala hii ingekuwa ya kuchekesha tu. Kilichotokea usiku wa tano ndicho kilichonifanya niandike.

Umeme ulikatika. Feni zote za mtaa zikanyamaza, baa ikanyamaza, laputopu yangu ilikuwa na chaji. Nikaona nitumie utulivu huo kusikiliza kazi zangu za zamani. Nikafungua mahojiano niliyoyafanya mwaka jana na mama mmoja kuhusu mradi wa maji. Sitaji kijiji wala mkoa, kwa sababu bado anaishi hapo. Katika kipindi kile alisema maji yanatoka kila siku na wanashukuru sana. Tulikirusha, nikapongezwa.

Nikasikia mnong'ono. Mwanamume, mbali kidogo na kipaza sauti, kabla ya jibu la mama: "Sema yapo." Nikarudisha nyuma. "Sema yapo." Swali lililofuata, tena: "Mwambie kila siku." Na mama anasema kila siku.

Nilikaa gizani muda mrefu. Mahojiano yale niliyahariri mwenyewe, nikakata vikohozi, nikapunguza upepo, nikasikiliza mara nne au tano. Sikusikia chochote.

Asubuhi nikampigia simu. Nilimsalimia, tukaulizana habari za watoto, halafu nikamuuliza taratibu. Akanyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, wewe ulikuja umeongozana na mwenyekiti. Ulitaka nikuambie nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa mhariri wangu, nikamsikilizisha, na hatukutaka kumtwisha mama yule mzigo wa pili. Tulirudi wenyewe bila mwenyeji, tukahesabu mabomba. Yako manane. Siku hiyo yalikuwa yanatoa maji matatu. Tukarusha marekebisho kwa kutumia hesabu yetu, bila sauti ya mtu.

Sasa kilichofuata kichwani mwangu mnaweza kukikisia: "Unaona? Milioni tatu ni halali. Hedifoni imekuokoa." Nilianza hata kupanga nani nimkope. Lakini mwandishi aliyedanganywa mara moja anatakiwa aanze kujishuku mwenyewe. Nikachukua hedifoni yangu ya zamani, ya kufunika masikio, niliyoinunua Kariakoo kwa elfu themanini. Nikasubiri saa tisa usiku mtaa ulipolala, nikazima pangaboi, nikafungua faili lilelile. "Sema yapo." Ipo. Hafifu zaidi, lakini ipo. Nikachomeka iafoni za simu. Ipo.

Mtasema: uliisikia kwa sababu tayari unajua. Hoja nzuri. Ndiyo maana nilimpa mwenzangu wa kazini ambaye sikumwambia kitu. Nikamkalisha kwenye chumba cha kurekodia, mlango umefungwa, na hedifoni ya elfu themanini. Mara ya kwanza hakusikia. Mara ya pili akainua kichwa: "Huyu kaka anayemnong'oneza ni nani?" Mimi faili lile nililihariri wapi mwaka jana? Nusu kwenye daladala, nusu chumbani pangaboi likizunguka, nikiwahi muda wa kurusha.

Mtu mmoja hatoshi kuwa utafiti, najua. Lakini mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya kupima hedifoni na iafoni 283 za bei mbalimbali. Hakukuta uhusiano kati ya bei na jinsi zinavyogawa sauti kuanzia besi hadi sauti nyembamba. Hilo halisemi kwamba hedifoni zote ni sawa. LCD-X ni bora kuliko ya kwangu, nimeisikia kwa masikio yangu na sitajidanganya. Linasema kwamba namba iliyo kwenye boksi haikuambii utasikia nini.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama unachanganya muziki kwa riziki, na una chumba tulivu chenye kiyoyozi kisichopiga kelele, LCD-X ni chombo cha kazi, itajilipa. Kama wewe ni mpenzi wa muziki na fedha unayo, furahia, hakuna dhambi. Ila ujue unanunua pia mahitaji yake: utulivu, ubaridi, na saa nzima ya kukaa bila kufanya kitu kingine. Mjini kwetu hivyo vitatu ni adimu kuliko hizo milioni tatu. Na kama kazi yako ni habari, usiinunue. Nunua ya kufunika masikio, imara, halafu tafuta mahali pa kuisikilizia.

Hapa nawageukia mabosi wetu. Nimepita vyumba vya habari vitatu tangu nianze kazi hii. Vyote vilikuwa na kompyuta nzuri, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na chumba ambacho ripota anaweza kujifungia nusu saa akasikiliza alichokileta. Tunahariri kwenye meza moja na watu wanaotazama mpira. Godoro mbili ukutani na mlango unaofunga vingetusaidia kuliko mashine mpya.

Laki nane yangu? Laki mbili na nusu imekwenda kwenye hedifoni mpya. Nyingine nimenunulia pazia zito na betri ya kuendesha feni ndogo ya mezani, isiyopiga kelele. Saa kumi na moja alfajiri nakuwa nimeshaamka, nasikiliza mahojiano yangu mwanzo hadi mwisho kabla sijakata chochote.

Rafiki yangu amerudi juzi, kachukua mali yake. Akainusa mito, akanitazama. "Umetokwa jasho humu." Nikamwambia samahani kaka, nitakununulia mito mingine. Akanitajia bei ya mito. Wadau, hiyo nayo ni makala nyingine.

Wewe je, kazi yako unaisikilizia wapi? Niambie hapo chini.