Askari Naye Aisome Ripoti ya Barabara

Kabla tingatinga halijang'oa kisiki hata kimoja, sheria ya Uganda yataka kwanza iandikwe ripoti. Jina lake ni tathmini ya athari kwa mazingira na kwa jamii, na kazi yake ni kujibu maswali yaliyo mepesi kuulizwa na magumu kujibiwa. Barabara hii itapita kwa nani? Itamwondolea nini, na itamletea nini? Na ubaya utakaofuatana nayo utazuiwa na nani? Askari wengi, wa jeshi na wa polisi, hudhani kwamba hayo ni mambo ya wahandisi na wakubwa wa Kampala. Sisi twaona sivyo. Twasema kwamba katika swali lile la mwisho askari yumo, hata pale ambapo jina lake halikuandikwa.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1995 ndiyo iliyounda mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, na kanuni za tathmini zikafuata mwaka 1998. Mwaka 2019 ilitungwa sheria mpya, na kanuni zilizotoka mwaka 2020 zikaweka jamii katika jina lenyewe la tathmini, bega kwa bega na mazingira. Tangu hapo haifai tena mtu kudai kwamba akishahesabu miti, vijito na vumbi amemaliza kazi. Hana budi kuwahesabu pia wajane, makaburi, visima na watoto wa shule.

Wananchi wa Nile Magharibi hawahitaji kufundishwa faida ya barabara nzuri. Mkulima wa Abuku, katika wilaya ya Koboko, anayepeleka mihogo sokoni. Mama mjamzito anayetaka kufika hospitali kabla ya usiku. Na gari la doria linalokimbilia mpakani: wote watatu hutegemea njia ile ile. Barabara ya kilomita 92 itokayo Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ilikuwa ya vumbi na matope kwa miaka mingi kabla ya kutiwa lami. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kugharimia pia barabara ya Koboko, Yumbe na Moyo, katika wilaya zilizopokea wakimbizi wengi. Huko Yumbe ndiko yaliko makazi ya Bidi Bidi, yaliyofunguliwa mwaka 2016.

Lakini barabara ile ya Vurra hadi Oraba ina fundisho ambalo halifai kusahauliwa. Ilikuwa ndani ya mradi mmoja na barabara ya Kamwenge na Fort Portal, magharibi mwa nchi. Kule Kamwenge wananchi wa Bigodi na vijiji jirani walilalamika kwamba wafanyakazi wa barabara waliwaharibu wasichana wadogo, wengine wao wanafunzi, wakawapa mimba. Walilalamikia pia vumbi, ajali na fidia. Mwezi wa Desemba 2015 Benki ya Dunia iliufuta ufadhili wa mradi mzima, uliokuwa wa dola milioni 265. Mwaka uliofuata jopo la ukaguzi la benki hiyo lilitoa ripoti yake, ikadhihirika kwamba hatari ya kuingiza wanaume wengi wageni katika vijiji maskini haikupimwa inavyostahili, wala kusimamiwa inavyostahili.

Lifikirini jambo hilo, ndugu askari. Mtu wa Koboko hakumkosea msichana wa Kamwenge, na kati yao kuna safari ya mamia ya kilomita. Hata hivyo uovu uliotendeka kule ulikata fedha za mradi uliobeba na barabara yake. Wala tusidhani kuwa hasara kubwa ilikuwa ya fedha. Fedha zaweza kutafutwa kwingine. Utoto wa binti ukishaharibiwa hauna duka la kuununulia.

Sasa tuseme wazi ni wapi askari anahusika. Kwanza ni katika mikutano. Tathmini haikamiliki mpaka wananchi wameulizwa, na wao hawasemi ukweli wakiwa na hofu. Watu wa Nile Magharibi wana kumbukumbu yao juu ya sare. Mwaka 1980 wengi wao walivuka mpaka, wakaenda Sudan na Zaire, kwa kuwakimbia wenye bunduki. Wazee wa leo ndio vijana wa siku zile. Mpima ardhi akija kijijini akifuatana na mtu mwenye silaha, na mtu huyo akasimama katikati ya baraza, mzee ataulizwa kama anaikubali barabara, naye atajibu kwamba anaikubali. Jibu hilo litaandikwa katika ripoti, nalo litakuwa la uongo, ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya. Kama ulinzi wahitajika, askari na akae mbali na baraza, silaha yake isiwe mbele ya macho ya wanaoulizwa.

Pili ni katika ardhi. Ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 1995 yasema kwamba mtu hatanyang'anywa mali yake kwa manufaa ya umma kabla ya kulipwa fidia ya haki na ya kutosha. Mwaka 2015, katika shauri lililotokana na barabara ya Hoima, Kaiso na Tonya, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba serikali haiwezi kuchukua ardhi kwanza na kulipa baadaye. Kwa hiyo polisi akiitwa kwenda kuwaondoa watu wanaoitwa wakaidi, na amwulize mkubwa wake swali moja kabla gari halijaondoka: je, watu hawa wamelipwa? Huko Koboko, kama katika sehemu nyingi za Nile Magharibi, ardhi nyingi humilikiwa kwa mila, bila hati, nayo Katiba yautambua umiliki huo. Kukosa karatasi si kukosa haki. Wala fidia isilipwe kwa mume peke yake huku mke aliyelima shamba hilo miaka yote akisikia habari kutoka kwa majirani.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito kuliko pote, ni kuwalinda watoto. Kambi ya barabara huleta mishahara mahali ambapo wengi hawana mshahara. Msichana anayeuza maandazi langoni hupewa sabuni, kisha simu, na baadaye madai. Mlinzi wa lango huyaona hayo yote kabla ya mtu mwingine yeyote. Akinyamaza, amekwisha kuchagua upande. Na akiwa yeye mwenyewe ndiye mkosaji, ajue kwamba Sheria ya Jinai, kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, humlinda kila msichana na kila mvulana aliye chini ya miaka 18, na kosa huhesabiwa kuwa zito zaidi iwapo mtoto yuko chini ya miaka 14, au iwapo mkosaji ana mamlaka juu yake. Mambo hayo hayamalizwi kwa mbuzi wawili na maneno ya wazee. Mpelelezi anayepokea suluhu ya namna hiyo humwachia mkosaji njia ya kumfikia mtoto wa pili.

Nne ni katika mambo yanayoonekana madogo. Shimo la kifusi lililoachwa wazi hujaa maji ya mvua, likawa kaburi la mtoto na nyumba ya mbu. Saruji ikiibwa ghalani usiku, kesho yake kalvati huwa dhaifu, na mafuriko ya kwanza huichukua njia pamoja na shamba lililo chini yake. Lami ikikamilika magari hukimbia, na wanafunzi waliozoea kuvuka bila kutazama hugongwa. Ripoti huyataja hayo yote na kuandika dawa yake: shimo lifukiwe, ghala lilindwe, alama zisimamishwe, mwendo upunguzwe mbele ya shule. Lakini dawa iliyo katika karatasi haimponyi mtu. Yuko wapi mlinzi wa ghala, na yuko wapi polisi wa barabarani?

Twajua kwamba wako watakaosema: sisi tu watu wa amri, tumetumwa kulinda mitambo, hayo mengine yana wenyewe. Jibu letu ni kwamba amri halali haimtumi askari kufumba macho mbele ya kosa. Kanuni za nidhamu ambazo jeshi la NRA lilijiwekea kabla ya kuitwa UPDF zilimkataza askari kuchukua mali ya raia pasipo kulipa, hata kitu cha shilingi chache, na zilimkataza kumtukana au kumpiga. Katiba nayo yataka jeshi lenye nidhamu, lililo chini ya mamlaka ya raia. Viwango vya Benki ya Dunia vilivyoanza kutumika mwezi wa Oktoba 2018 vyataka hata ulinzi wa mradi upimwe kama hatari nyingine, pamoja na ulinzi unaotolewa na askari wa serikali. Hilo si tusi kwa askari mwema. Mwenye mikono safi haogopi kuikunjua.

Wako pia watakaosema kwamba tathmini huchelewesha barabara, na barabara ni usalama. Twakubali kwamba barabara ni usalama. Askari aliyewahi kusukuma lori katika matope anayajua hayo kuliko sisi. Twakubali pia kwamba karatasi zikikaa mezani miezi na miezi, mwananchi huumia. Lakini mwaka 2015 kilichokata fedha hakikuwa tathmini. Fedha zilikatwa kwa sababu hatari haikupimwa mapema na vilio havikusikilizwa kwa wakati. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi twapendekeza mambo machache yasiyohitaji bajeti. Kila kikosi kinachopelekwa kulinda kazi ya barabara kisomewe, kabla ya siku ya kwanza ya zamu, sehemu za ripoti zinazohusu ulinzi, watoto na fidia, kwa lugha ambayo askari wote wanaielewa. Kila mlinzi ajue kamati ya malalamiko hukutana wapi na siku gani, ili mwananchi akimwuliza aelekezwe, asifukuzwe. Kila kituo cha polisi kilicho karibu na kambi kiwe na daftari la malalamiko ya mradi, na mkuu wa kituo alipitie kila juma pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Na mkubwa akipelekewa habari ya askari wake aliyekosa, asimhamishe usiku. Ampeleke mahakamani mchana.

Wakandarasi watamaliza kazi, watakunja mahema na kuondoka. Askari na polisi watabaki, na wataipita barabara hiyo kila siku pamoja na wananchi wa Abuku, Koboko na Arua. Twawaombea waipite wakiwa wamenyoosha shingo, bila kuwa na nyumba hata moja kando ya njia ambayo wanaona haya kuitazama.