Kadi ni yake, damu ni yake, lakini alirudishwa

Mwezi uliopita, Jumanne usiku, saa nne na kitu, grupu ya mtaa ililia. Mnajua grupu za Bulla Pesa. Asubuhi ni maji yamepotea, mchana ni mbuzi wa nani huyu ameingia kwa plot, jioni ni mtu anauza maziwa ya ngamia. Lakini hii ilikuwa nyingine. Mama amejifungua, anavuja damu sana, anahitaji O negative, tafadhali kama uko karibu njoo sasa.

Watu wakaanza kuweka mikono ya dua. Mikono kumi, ishirini. Damu hakuna.

Mimi kwa huu mtaa namjua mtu mmoja tu wa O negative. Hata sijamaliza kusoma, akanipigia.

"Umeona?"

Nikamwambia nimeona. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Niende?"

Na mimi, msee wa kuongea mbele ya kamera kila siku, nilikosa jibu.

Wacha niwaeleze kwa nini. Na kabla sijaanza: amesoma hii posti kabla niiweke, na nimebadilisha vitu vidogo ili asijulikane. Kwa hivyo msiingie inboksi kuniuliza ni nani. Sitasema.

Rafiki yangu ni transjenda. Kwa wale hawajui, huyu ni mtu ambaye alizaliwa akaandikwa msichana, lakini ni mwanamume na anaishi hivyo. Ana ndevu kuniliko, na hiyo inaniuma kidogo. Amekuwa akitumia homoni kwa muda, sauti imeshuka, na ukikutana naye kwa stage utamwita "bro" bila kufikiri. Kitambulisho chake bado kinasema F.

Sasa, alipokuwa shule ya upili alitoa damu mara mbili. Si ajabu, kwa sababu damu nyingi ya hii nchi imekuwa ikitoka kwa wanafunzi. Ndiyo maana shule zikifungwa hospitali huanza kulia. Walikuja na gari, viti, soda na biskuti, wakampima, akatoa. Wakampa kadi. Jina la zamani, F, O negative. Bado anayo. Imekunjika lakini anayo.

Mwaka jana kulikuwa na kambi ya kutoa damu. Sitataja mji wala walioiandaa, haina haja. Tulienda pamoja, mimi nikiwa na simu nikitaka kutengeneza video ya kuhimiza vijana. Mimi nikapita. Yeye akafika mezani akatoa kitambulisho na ile kadi. Dada wa pale akaangalia kadi, akaangalia ndevu, akaangalia kadi tena. "Hii si yako." Akamwambia ni yangu. Akaita mwenzake. Mwenzake akaita mwingine. Foleni yote sasa inatazama. Mwishowe mmoja akamwambia, kwa sauti ya chini na si kwa ubaya, "Watu kama wewe hatuwezi kuchukua, ni hatari." Hakuna aliyemuuliza swali hata moja kuhusu afya yake.

Ile video sikuiweka.

Nimekaa na hii kitu mwaka mzima, nikasoma, nikauliza watu wa maabara ninaowajua. Na nilichogundua kimenishangaza: yule dada hakuwa mjinga. Jinsia kwa fomu ya damu ina sababu zake. Shida ni kwamba fomu inauliza kitu kimoja ikitaka kujua vitu vitatu tofauti.

Cha kwanza ni madini ya chuma. Mwanamume huambiwa arudi kutoa damu baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Kwa nini? Kwa sababu mwanamke hupoteza damu kila mwezi, kwa hivyo mwili wake unahitaji muda zaidi kujaza ile chuma. Sasa rafiki yangu, homoni zimesimamisha hedhi. Tena testosteroni hupandisha hemoglobini. Kwa hilo, mwili wake unafanana na wa mwanamume kuliko ile F ya kitambulisho.

Cha pili ni ujauzito. Mtu aliyewahi kubeba mimba anaweza kuwa na kingamwili fulani kwenye damu yake ambazo zikiingia kwa mgonjwa, hasa kupitia plazima, zinaweza kuumiza mapafu. Ni nadra lakini ipo. Hapa sasa ukimwandika M na usimuulize, unaweza kukosa kitu cha maana. Yeye hajawahi kubeba mimba. Lakini yuko mwanamume transjenda mwingine mahali ambaye amezaa, na huyo ukimwandika M ukasonga mbele umekosea.

Cha tatu ndicho kile watu wanafikiria lakini hawasemi. HIV.

Hapa nitasema ukweli hata kama wenzangu wa upande huu watakasirika. UNAIDS huwaweka watu transjenda kati ya makundi yaliyo kwenye hatari kubwa zaidi ya HIV. Si uongo na si matusi, ni hesabu, na wanaoumia zaidi ni wanawake transjenda. Na ndiyo, damu yote inapimwa: HIV, homa ya ini ya B na C, kaswende. Lakini hakuna kipimo kinachoona virusi siku vimeingia. Kuna siku, wakati mwingine wiki, ambapo mtu ameambukizwa na kipimo kinasema yuko sawa. Ndiyo maana kuna maswali kabla ya sindano. Yale maswali si umbea. Ni kipimo cha kwanza, na hakitumii mashine, kinategemea mtu kusema ukweli.

Hebu rudia hapo. Kinategemea mtu kusema ukweli.

Sasa niambie, mtu aliyetazamwa na foleni nzima atasema ukweli gani? Ana njia mbili. Aende nyumbani na damu yake, kama rafiki yangu. Au siku nyingine aende kambi ya mji mwingine, ajibu chochote kile wanataka kusikia, atoe. Na huyo wa pili ndiye anayepaswa kukunyima usingizi wewe unayelala kwa wadi ukiwekewa ile painti. Sisi tunaona tukiwafukuza tumelinda mgonjwa. Tumewafunza kudanganya tu.

Chukua dawa za PrEP. Kenya ilianza kuzitoa kwa umma mwaka wa 2017, na ni dawa nzuri, zinazuia maambukizi. Lakini mtu anayezitumia akiambukizwa, zinaweza kuchelewesha kipimo kuona. Kwa hivyo mtu wa PrEP hafai kutoa damu akiwa anazitumia na hata kwa muda baada ya kuacha. Hiyo inahusu mke wa dereva wa lori la Moyale sawa na inavyomhusu mtu transjenda. Sasa nani atamwambia nesi kwamba anameza PrEP, kama kuwa yeye mwenyewe tu kumeshamletea aibu?

Najua mmeanza kuandika kwa komenti: haya ni mambo ya wazungu. Sawa, tuanze na Afrika basi. Shirika la damu la Afrika Kusini, nchi yenye HIV nyingi kuliko zote duniani, liliacha mwaka wa 2014 kuwazuia watu kwa sababu ya nani wanampenda. Likaanza kumuuliza kila mtu kama ana mpenzi mpya. Kila mtu: mchungaji, mwalimu, shoga, mama wa watoto sita. Ukiwa na mpenzi mpya, ngoja. Uingereza ilifuata tarehe 14 Juni 2021, ambayo pia ni Siku ya Wachangiaji Damu Duniani, na Marekani ikatangaza yake Mei 2023. Na si dunia yote imeenda huko. India kwa mwongozo wake wa 2017 iliwataja watu transjenda kwa jina na kuwazuia, na watu wakapeleka kesi Mahakama ya Juu. Kwa hivyo si suala la wazungu na weusi. Ni swali la unauliza nini: wewe ni nani, au ulifanya nini miezi mitatu iliyopita?

Mimi nataka la pili. Na nikisema hivyo sisemi kutoa damu ni haki ya kila mtu. Si haki. Mwenye haki ni yule mama. Mimi mwenyewe nilishawahi kuambiwa nirudi kwa sababu nilikuwa chini ya kilo 50, na sikuandika posti. Nilikula. Rafiki yangu pia ananiambia kila mara: "Wakinikataa kwa kitu nimefanya, nitasema asante. Wakinikataa kwa kitu niko, nitafanya nini?"

Kuhusu karatasi, mahakama zetu zimeshagusa hii mambo. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua cheti kipya cha KCSE chenye jina lake na bila alama ya jinsia, kwa sababu cheti cha zamani kilikuwa kinamfungia kazi. Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret ikaagiza mwanamke transjenda aliyedhalilishwa akiwa rumande alipwe shilingi milioni 1, na ikataka kuwe na sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Hizo ni kesi za cheti na za rumande. Ya damu sijaiona. Na kusema kweli sitaki iende kortini, maana hii si vita. Ni karatasi ya ukurasa mmoja au miwili ambayo mtu anaweza kukaa chini akaongeza mistari. Unapata hedhi? Umewahi kubeba mimba? Unatumia dawa gani? Umekuwa na mpenzi mpya? Maswali manne, kila mtu aulizwe, pahali ambapo jirani hasikii.

Kitu kingine kinachonichekesha: Kiswahili chetu hakina shida hii. Amekuja, ametoa, amelala, amepona. Hiyo "a" haijawahi kumuuliza mtu ana nini ndani ya suruali. Ni ile M na F tu ndiyo inatusimamisha.

Kwa upande wa dini, hapa Isiolo najua ninakoishi. Eddo wangu akisoma hii atanipigia simu, na nitamsikiliza kwa heshima kwa sababu ni eddo. Sijaandika ili kubadilisha anachoamini kuhusu rafiki yangu. Ninamuuliza kitu kimoja tu, na nimeshamuuliza uso kwa uso: ingekuwa ni binti yako amelala pale usiku ule, ungependa damu ile ibaki kwa nyumba ya jirani? Alisema "Allah atuepushie" akageuza chai. Nimelichukua kama jibu.

Maana tusidanganyane, hatuna damu ya kuchezea. Huduma yetu ya kitaifa ya damu ilijengwa baada ya bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998, na pesa nyingi zilikuwa za Marekani. Ufadhili huo ulipokatika mwaka wa 2019, kila hospitali ilihisi. Kipimo kinachotumika sana ni painti kwa asilimia 1 ya watu kila mwaka. Sensa ya 2019 ilitupata milioni 47.6, kwa hivyo hapo unazungumzia karibu nusu milioni, na kwa miaka mingi tumekuwa tukikusanya chini ya hapo. Damu nzima hukaa kwa friji kama siku 35 tu, kwa hivyo huwezi kuweka akiba ya miaka. Vituo vikubwa vya kanda ni sita, na kwetu huku jicho huangalia Embu, huko mbele ya Meru. Na kuvuja damu baada ya kujifungua ndiko kunakoua akina mama wengi. O negative ndiyo kabisa: inaweza kumwokoa karibu mtu yeyote wakati wa dharura, lakini mwenye O negative akiumia anapokea ya O negative mwenzake pekee. Rafiki yangu mwenyewe akipata ajali ya boda kesho, ni wale wachache tu wanaweza kumsaidia.

Yule mama alipona. Nasema mapema ili msilie. Watu wawili walipatikana, mmoja alitoka mbali na boda usiku, Mungu ambariki. Mtoto ni msichana. Lakini kutoka ule ujumbe uingie kwa grupu hadi mtu aandike "imepatikana" ilikuwa saa tatu na dakika kumi na tano. Nilihesabu. Kwa hizo saa zote rafiki yangu alikuwa amekaa kwa kitanda na viatu amevaa.

Asubuhi nilimwambia tutaenda pamoja wakati mwingine. Nitatangulia mimi mezani, nitaomba kuongea na msimamizi kando, tutaeleza kila kitu, na wakisema hapana wataeleza kwa nini. Amekubali. Kwa hivyo kama wewe ni nesi au mtu wa maabara ya damu na unasoma hii, tafadhali niandikie. Ana swali moja ambalo nimemuuliza kila mtu na sijapata jibu: akishatoa, kurudi kutoa tena ahesabu miezi mitatu au minne?