Rangi Haifi Ndani ya Pumba

Juzi nilikaa saa tatu ukumbini, Dar es Salaam, nikisikiliza wataalamu na maofisa wakikubaliana kwamba majitaka ya rangi yamepata dawa: pumba za mpunga, makumbi ya nazi na maganda ya ndizi. Kina mama wanaochovya batiki uani watagawiwa mapipa ya kuchujia; viwanda navyo “vitahamasishwa”. Makofi yakapigwa, chai ikanywewa. Mimi niliondoka nimekasirika, maana azimio hili ni la kujifariji.

Sayansi yenyewe si ya uongo. Mbegu za mlonge zilizosagwa zina protini inayokamata uchafu, na wanawake wa Sudan wamekuwa wakisafisha maji ya Nile kwa mbegu hizo. Pumba zikigeuzwa mkaa, vitundu vyake hunasa rangi. Zipo tele, bei yake ni ya kutupwa. Haya nayakubali.

Lakini matokeo yanayotangazwa, kwamba asilimia 95 ya rangi imenaswa, mara nyingi hupatikana kwa methilini buluu, rangi yenye chaji chanya, iliyokorogwa katika maji safi ya maabara. Ganda la mmea lina chaji hasi, hivyo vinavutana. Rangi nyingi za viwandani zinazotiwa kwenye pamba zina chaji hasi, na hutoka na maji ya moto yaliyojaa chumvi na magadi. Ni mwanafunzi aliyejitungia mtihani, akajisahihishia.

Haya, tuseme amefaulu. Rangi imekwenda wapi?

Pumba haiui rangi, inaibeba. Tupige hesabu ya mfano. Kiwanda kinamwaga lita milioni moja kwa siku, na kila lita ina miligramu 100 za rangi: hizo ni kilo 100. Gramu moja ya pumba ikibeba miligramu 20, zinatakiwa tani 5 za pumba kavu. Kila siku! Jioni zile tani 5 zimelowa, zimekuwa nzito kuliko zilivyokuja, na kilo 100 za rangi zimo ndani. Nani anazizoa? Kwa gari la nani? Ukizichoma hovyo, jirani anavuta moshi wake. Ukizipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, masika yatazisuuza, na Mto Msimbazi, tunaodai kuuokoa, unaanzia vilima hivyohivyo vya Pugu. Mama wa batiki naye, pipa likishiba, atalimwaga wapi kama si kwenye mtaro uleule? Niliuliza. Nikajibiwa kwamba hilo litaangaliwa awamu ya pili. Awamu ya pili! Yaani tunajenga choo, shimo tutalifikiria baadaye.

Wenzetu wa Tirupur, kusini mwa India, mji unaoshonea dunia fulana, waliuchafua mto Noyyal mpaka wakulima wa upande wa bwawa la Orathupalayam wakakimbilia mahakamani. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru mamia ya viwanda vya kutia rangi vifungwe, kwa kushindwa kuzuia majitaka yao yasifike mtoni. Mitambo ya pamoja ya kusafisha ilikuwepo; nayo ikafungwa. Na hata pale maji yaliposafishwa, tope lake lilibaki likirundikana. Hakuna aliyehamasishwa.

Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, yenye kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe. Basi kabla pipa la kwanza halijagawiwa, iandikwe ni nani atakusanya pumba zilizoshiba, zitateketezwa katika tanuru gani la joto kali, na kwa fedha za nani. Kiwanda kisichoweza kujibu kisipewe pumba, kipewe notisi.

Nilipotoka, kijana wa usafi alikuwa amebeba ndoo ya pumba za maonyesho, buluu tupu, akielekea nyuma ya jengo. Nikamuuliza ameambiwa azipeleke wapi.

“Hawajasema, mzee,” akajibu, akaziinamisha mtaroni.