Mila ya Kuficha Vitambaa Yatudhuru

Najua wako watakaouliza, "Je, haya nayo ni ya kuandikwa gazetini?" Wazee wetu waliona haya kuitaja hedhi, wakasema tu kwamba fulani ameingia mwezini, nao wanaume wakajifanya hawakusikia. Niwieni radhi basi, kwani leo nitayataja.

Nilipovunja ungo, kule Ganze, Kilifi, nyanya yangu, ambaye sisi Wagiriama twamwita hawe, aliniita nyuma ya nyumba, akachana leso kuukuu vipande vipande. Alinionyesha namna ya kuvikunja, akaniambia nivibadilishe kila vinapolowa, nivifue kwa maji baridi kwanza ili doa lisishike, kisha kwa sabuni. Mafunzo hayo hayakuwa na kasoro. Kasoro ilikuja mwisho: "Usivianike nje, mjukuu wangu. Baba yako na kaka zako wasivione, wala mchawi asije akavichukua."

Basi nikavianika chini ya kitanda. Huko gizani havikukauka sawasawa, vikanuka uvundo. Majira ya mvua nilivaa kitambaa kibichi kutwa, nikawashwa na kutokwa na vipele mapajani, hata kutembea hadi shuleni kukanishinda. Sikuthubutu kumwambia mtu.

Nilidhani shida hiyo ingekwisha. Mwaka 2004 serikali yetu iliondoa kodi ya VAT kwenye sodo, na mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ikarekebishwa ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo za bure na za kutosha, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Ni sheria njema. Lakini yamhusu mwanafunzi. Mama yake aliye shambani hayumo, wala dada yake aliyeacha shule akaolewa. Hao tegemeo lao ni kitambaa kile kile cha hawe, na maji ya kukifulia huchotwa silangani.

Wala aibu hii si ya vijijini pekee. Mnamo Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia katika Seneti suruali yake ikiwa na doa jekundu, akaambiwa atoke. Ikiwa watunga sheria hawakuweza kulistahimili doa, sembuse mzee wa kijijini!

Mimi nasema kitambaa si adui. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa vyema kwa sabuni na kukaushwa kabisa juani kinafaa kuvaliwa tena bila hofu. Kinachotudhuru ni kule kuficha. Mila iliyotufunza usafi ndiyo hiyo hiyo iliyotunyima jua, nami sioni dhambi kushika nusu moja na kuiacha nyingine. Na hao wachawi, mbona nepi za watoto wachanga huanikwa uani mchana kutwa na hakuna anayezitaka?

Nyumbani kwangu nimefunga kamba nyuma ya jiko, navianika vya binti zangu hapo, mbele ya macho ya watu. Mavyaa alininunia juma zima. Baba mkwe alipita siku ya pili, akatazama mara moja, akageuza uso, kisha akauliza kama chai imeiva.