Bi Harusi, Tayarisha Maji Kabla ya Samaki



Wengi katika sisi tunaolewa ng'ambo, tunavuka bahari kwenda kuanza maisha Dar es Salaam. Na siku hizi ukienda kumpa hongera bi harusi aliyehamia Tegeta, Bunju, Mbagala au Chamazi, si ajabu kukuta bakuli la kioo kando ya makochi, ndani yake samaki wawili wekundu wa dhahabu. Linapendeza, hatukatai. Lakini ukirudi baada ya wiki chache, aghlabu bakuli lile lile limetiwa maua ya plastiki, na samaki hawaulizwi tena.

Rai yetu ni hii: mwanamke anayetaka samaki nyumbani kwake achague wale wadogo wa maji baridi wa kwetu wenyewe, na aanze kuyatengeneza maji mwezi mzima kabla ya kuleta samaki. Asiyeweza kufanya hivyo, basi maua yanamtosha, na hana dhambi.

Kufuga kwenyewe si kosa. Katika hadithi sahihi tunamjua Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake, na Mtume wetu (S.A.W.) akawa anamuulizia kindege hicho kwa upole. Wanavyuoni wameichukua hadithi hiyo kuwa ni dalili ya ruhusa ya kufuga ndege kwa ajili ya kujifurahisha, maadamu anatunzwa. Lakini tunamjua pia yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Samaki aliye ndani ya kioo hana pa kwenda. Chakula chake na hewa yake viko mikononi mwako. Basi huyo ni amana, hata kama ulimnunua kwa ajili ya pambo.

Sasa tuulize kwa nini wanakufa. Samaki anajisaidia ndani ya maji yale yale anayoyavuta kwa mashavu yake. Uchafu ule, pamoja na chakula kilichobaki, hutoa amonia, nayo ni sumu kwake. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye mchanga na kwenye sponji ya chujio, ambao huigeuza amonia hiyo hatua kwa hatua mpaka ikawa kitu chenye madhara madogo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Bakuli la jana halina hata kidogo. Ongeza na joto la Dar, maana maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi. Na samaki wa dhahabu, ambaye asili yake ni China, hupenda maji ya ubaridi, huweza kupita sentimita 20, na akitunzwa huishi zaidi ya miaka kumi. Kumtia bakulini ni sawa na kumfuga ng'ombe uani kwa jirani.

Na hapa ndipo penye jambo linalotusikitisha zaidi. Samaki wakifa nyumba ya harusi, maneno huanza. "Hasadi hiyo, imewapata samaki badala yako." Mara anatajwa jirani aliyekuja juzi akasifia, mara wifi. Kijicho ni kweli katika dini yetu, na nyiradi za asubuhi na jioni ndizo kinga. Lakini kumdhania mtu ubaya bila ushahidi ni dhambi, na ndoa changa haifai kuanza kwa dhana. Kabla hujamtazama jirani, yatazame maji. Mara nyingi jawabu limo humo.

Kwa nini samaki wa kwetu? Kwa sababu joto letu ndilo walilozaliwa nalo. Katika madimbwi na vinamasi vya pwani wamo samaki wadogo wa jamii ambayo wataalamu huiita Nothobranchius. Hapa Unguja yupo Nothobranchius guentheri, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1893, na asili yake ni kisiwa hiki tu. Upande wa bara, pwani ya Tanzania, wapo ndugu zake, mmojawapo akiwa Nothobranchius melanospilus. Wengi wao ni wa sentimita tano au sita hivi. Dume wa Unguja ana magamba ya buluu na kijani yaliyotiwa wanja mwekundu, na mkia mwekundu wenye pindo jeusi. Jike ni wa rangi ya udongo, hajipambi.

Maisha yao ni ibra. Wanaishi kwenye madimbwi yanayokauka. Wiki chache baada ya kuanguliwa wanataga mayai kwenye tope, kisha dimbwi linakauka na wote wanakufa. Mayai hubaki ndani ya udongo mkavu kwa miezi, mpaka mvua inyeshe, ndipo yaanguliwe. Ni mara ngapi tumesoma katika Qur'ani Tukufu kwamba Allah huihuisha ardhi baada ya kufa kwake kwa maji ya mvua, na kwamba hiyo ni dalili ya kufufuliwa kwetu? Mtoto akikuuliza maana yake, kuwa na samaki hawa sebuleni ni darsa tosha.

Basi ukiazimia, zungumza kwanza na mumeo, kwa kuwa utakaposafiri yeye ndiye atakayelisha. Tafuta tangi la lita 40 hadi 60, na meza madhubuti, maana lita 60 za maji ni kilo 60. Liweke pasipopigwa na jua. Tandika mchanga uliooshwa na upande majani ya majini. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Maji ya kisima yaonje kwanza, yakiwa na chumvi nyingi yaache. Weka chujio dogo la sponji na pampu ya hewa, kisha kila siku tia punje chache za chakula, ingawa samaki hamna, ili bakteria wapate cha kuanzia. Mwenzako mwenye tangi zima akikupa kipande cha sponji yake, utafika haraka zaidi.

Baada ya hapo anza na dume mmoja na majike wawili au watatu, kwa kuwa madume hupigana. Funika tangi kwa wavu, samaki hawa huruka. Wape viluwiluwi vya mbu, chakula wanachokipenda mno. Kila wiki punguza robo ya maji na ujaze mapya yaliyotulia, na sponji isuuze ndani ya maji uliyoyatoa, usiipeleke bombani, utawaua bakteria. Umeme ukikatika pampu itazima, lakini samaki wakiwa wachache ndani ya tangi pana watavumilia. Na wakifa baada ya mwaka hivi usilie, huo ndio umri wao.

Wa kuwachota wenyewe, tahadhari ya kichocho: usiingie dimbwini bila mabuti ya mpira. Chukua wachache, waache wengine wazae, na muulize ofisa uvuvi wa wilaya kabla hujachukua. Samaki wa tangi usimwage kamwe mtoni wala dimbwini, hata ukiwachoka. Kumbukeni sangara, aliyetiwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, jinsi alivyowamaliza furu wa aina nyingi wasiopatikana kwingine kokote.

Tunalisisitiza hili kwa kuwa madimbwi yenyewe yanakwisha. Pembezoni mwa Dar na huku kwetu, viwanja vinapimwa, kifusi kinamwagwa, na mayai yanafukiwa yakiwa hai. Hatusemi watu wasijenge. Tunasema tuwajue viumbe tunaowajengea juu yao, na anayewajua ndiye atakayesema neno pale kinamasi cha mtaa kinapotaka kufukiwa bila ya haja.

Na nyinyi mashoga na mawifi mnaotoa zawadi: msimpelekee bi harusi samaki kwa kumshtukiza siku ya harusi, siku ambayo hata yeye mwenyewe hajui ndoo iko wapi. Mpelekeeni tangi tupu, mchanga na pampu, mkamsaidie kujaza maji. Samaki watakuja mwezi ujao, inshaallah, na watamkuta yuko tayari.