AFYA YA JAMAA: Tusiyadharau mapera

Mababa na mamama, mpera ni mti usioheshimiwa. Huota wenyewe kando ya njia na nyuma ya jiko, na matunda yake twawaachia ndege na watoto. Mgeni akifika, twatuma kununua machungwa sokoni. Basi sikilizeni sifa za tunda hilo.

Katika gramu 100 za machungwa mna miligramu kama 50 za vitamini C. Katika gramu 100 za mapera mna miligramu 200 na zaidi. Mtu mzima ahitaji kama miligramu 45 kwa siku. Pera moja lamtosha.

Aikosaye kabisa vitamini hiyo hupatwa na kiseyeye: ufizi hutoka damu, na vidonda havifungi. Mwaka 1747 daktari James Lind alijaribu dawa mbalimbali kwa mabaharia 12 Waingereza waliougua ugonjwa huo. Waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wenzao.

Lakini kazi yake nyingine yatuhusu zaidi. Maharagwe na sombe vina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Chuma cha mimea, hata hivyo, ni kigumu kupokewa na mwili. Sehemu kubwa hupotea. Kikikutana tumboni na vitamini C, hupokewa kwa wepesi zaidi. Chai, kinyume chake, hukizuia. Tena sombe lipikwapo muda mrefu, vitamini C yake huharibiwa na moto.

Kwa hiyo pera liliwe bichi, limeoshwa vizuri, pamoja na chakula chenyewe. Chai ingoje kama saa moja. Mama mwenye mimba na mtoto anayekua wapewe kwanza, maana hao ndio wanaopungukiwa na damu upesi. Mama auzaye kikapu kizima cha mapera ili awanunulie watoto biskuti, amewanyima kilicho bora.

Hata hivyo pera haliponyi malaria wala minyoo, ambayo pia hupunguza damu. Mtoto akiwa na viganja vyeupe, akichoka bila kazi, apelekwe dispensari bila kukawia.

Nanyi wanafunzi, mbegu za pera ni nyingi na hazina bei. Pandeni moja nyumbani kwenu. Baada ya miaka michache wadogo zenu watakula matunda yake.